Nafasi ya Tarehe

Kaka Lorne,

Mama hajambo, ila goti linamsumbua. Kanisa limenipa kazi ya kuingiza kadi za makaburi kwenye kompyuta. Nilichagua hifadhidata ya bure. Kuisakinisha kulinitoa jasho siku tatu, maana nilisahau nywila niliyoiweka mwenyewe!

Jana nilifika kwenye kadi ya jiwe letu la kaburi, lile marehemu Baba alilochongesha majina yetu sote mapema. Mashine ikatukataa tulio hai. Kwa ugeni wangu, nilikuwa nimelazimisha kila jina liwe na tarehe ya kufa.

“Lorne naye nimwandikeje?” nikamuuliza Mama. “Miaka kumi na moja kimya.”

“Ukome! Mwandike kama sisi.”

Sharti nimeliondoa. Tumo watatu, tarehe wazi. Leo Mama kauliza mara mbili kama mashine bado inakukubali.

Tuandikie.

Dada yako,
Mavis