Nilimwambia Baba Macho Yamepona

Nimeunakili ukurasa huu kutoka daftari langu la kidato cha tatu, enzi ambazo hata neno blogu hatukulijua. Sijaipunguza hasira yake wala kuipamba.

*Jumamosi, Julai 1999. Kakamega.*

Asubuhi kulikuwa na jua la kudanganya. Sasa mvua ya alasiri imefika na ngurumo zake kama kawaida, na bati letu hapa Shirere linapiga kelele kiasi kwamba nikilia hakuna atakayesikia. Nimekaa dirishani niandike kabla giza halijaingia, maana hata taa sasa imewekewa sheria. Baba anasema kitabu na taa ya mafuta ni maadui wawili wa macho, wasikutanishwe.

Nimeshindwa leo. Nairobi siendi.

Haya, nimeshaiandika. Wacha nianze mwanzo, la sivyo nitakuja kuusoma ukurasa huu nisijue nilikuwa nimemkasirikia nani. Hata sasa hivi sijui vizuri.

Kanisa letu lina kompyuta moja iliyounganishwa na laini ya simu, na ufunguo wa chumba chake anao Mwalimu Wafula, yule anayetufundisha hesabu. Ndiye aliyenifundisha chesi. Jumamosi hutufungulia tucheze na watu walio mbali. Unasogeza askari wako hapa Kakamega, na msichana aliye Kisumu anamwona akisogea. Mara ya kwanza sikuamini. Nilitoka nje nikachungulia chumba cha pili nione kama Mwalimu amemficha mtu huko.

Muhula huu kulikuwa na mashindano ya wasichana, na mshindi wa huku kwetu magharibi angeingia kwenye timu ya kwenda Nairobi likizo ya Agosti. Nilikuwa nimebakisha mchezo mmoja tu, na msichana wa Kisumu anayeitwa Achieng. Sijawahi kumwona uso, lakini namjua. Ana haraka na farasi wake, na anapenda malkia wote wawili waliwe mapema ili apumue. Ningemshinda. Siringi, hata Mwalimu alisema hivyo, na Mwalimu Wafula si mtu wa kusifu ovyo.

Shida ni macho.

Tangu mwaka jana ubao wa darasani umekuwa ukiniwekea ukungu. Mwanzoni nilidhani ni chaki mbaya. Kisha nikaanza kunakili kutoka kwa daftari la jirani, na kwenye kompyuta nikawa nasogea, nasogea, mpaka pua inakaribia kioo. Nikiwa karibu naona kila kitu vizuri kabisa. Mama alinishika nikiwa hivyo siku aliyokuja kunichukua, akanipeleka kwa daktari wa macho bila kupoteza wakati. Daktari akasema ni miwani tu ninahitaji, avae mtoto aendelee na masomo. Mama akarudi nyumbani anacheka.

Baba hakucheka.

Lazima nieleze kuhusu Baba na jina langu, vinginevyo ataonekana mtu katili, na si katili. Mimi ni Muhonja. Ni jina la mama yake mzazi, aliyefariki kabla sijazaliwa, na kwetu mtoto ukimpa jina la mama yako basi naye ni mama yako. Kwa hiyo Baba huniita Mama. Nilipokuwa mdogo niliona fahari, mwanamume mrefu na koti lake la ofisi ya serikali akiniita Mama katikati ya soko, watu wakigeuka.

Lakini Nyanya Muhonja alikufa kipofu.

Baba ndiye aliyekuwa fimbo yake. Alimshika mkono kumpeleka mtoni, kumpeleka sokoni, na darasani akafika wenzake wameshamaliza hesabu. Kanisani alikaa kando yake amsomee. Nyanya alipenda nyimbo, na kila Jumapili, kabla wimbo haujaanza, alimgusa Baba goti na kumwambia, "Nisomee." Baba akasoma mstari kwa kunong'ona, Nyanya akauimba. Hadithi hiyo Baba huisimulia akitabasamu, kisha huinuka kwenda kuangalia ng'ombe ambaye hana shida yoyote.

Na Nyanya naye alikuwa amepewa miwani. Hapo ndipo jambo lote limekwama.

"Mama yangu alikuwanga anaona," Baba alimwambia Mama siku ile ya daktari. "Kidogo, lakini anaona. Wakampea miwani. Akavaa. Akaenda na giza hivyo hivyo."

"Baba Muhonja, hiyo ilikuwa ugonjwa ingine," Mama akasema. "Huyu daktari amemwangalia."

"Hata yeye aliangaliwa."

Basi. Miwani ikakataliwa nyumbani kwetu kama pombe. Na kwa kuwa lazima kuwe na mwenye makosa, makosa yakapewa kompyuta. Baba akatoa sheria: nusu saa tu, Jumamosi tu, na nikae mbali na kioo, mkono mzima. Alisema mwanga wa ile kitu unakula macho taratibu, kama mchwa anavyokula mlango kwa ndani.

Nikatii. Nilipotii, nikaanza kupoteza michezo midogo midogo. Kisha wiki mbili zilizopita akasema heri niache kabisa, na mchezo wa Achieng ulikuwa haujachezwa.

Ndipo nikasema.

Nilimwambia Baba macho yamepona. Nilisema tangu nipunguze kompyuta ukungu umeisha, sheria yake imenisaidia. Akanitazama sana. Akanyoosha kidole kwenye kalenda iliyo ukutani, upande ule mwingine wa sebule.

"Mama, soma hiyo."

Kalenda ile naipanguza vumbi mimi kila Jumamosi tangu Januari. Najua kila neno lililo juu yake, mpaka jina la duka lililoitoa na lile andiko la Zaburi lililo chini. Nikasoma yote, moja kwa moja, nikitazama doa jeupe ukutani.

Baba alivua kofia yake. Ndani ya nyumba, bila sababu, akavua kofia. Akaniruhusu kucheza na Achieng.

Nilifurahi siku hiyo. Nilijiona mjanja, nimemla Baba malkia wake bila yeye kujua.

Leo asubuhi akasema atanisindikiza. Alivaa shati la kanisani. Mama akamkamata yule jogoo mwekundu, akasema nikirudi nimeshinda au nimeshindwa nitamkuta kwenye sufuria, lakini kwa jinsi alivyocheka nilijua jogoo alikuwa wa kushinda.

Kwenye chumba cha kompyuta Baba alimsalimu Mwalimu Wafula kwa heshima zote, kisha akachukua kiti changu akakirudisha nyuma. Alipima kwa mwavuli wake uliokunjwa, kutoka kioo mpaka mgongo wa kiti. Akasimama nyuma yangu na mikono juu ya kiti, ili kisisogee mbele. Mwalimu alitaka kusema kitu, akanitazama. Nikamwambia niko sawa.

Ningesemaje? Si nilikuwa nimepona?

Mchezo ulianza vizuri, maana mwanzo wa chesi naujua hata nikifumba macho. Kila kipande kinapotoka nakihesabu kichwani, nakumbuka kimekwenda wapi. Achieng akaleta farasi wake kwa pupa, kama nilivyotarajia, nikamla mmoja. Nilisikia Mwalimu akivuta pumzi. Nilikuwa mbele. Nilikuwa mbele vizuri sana.

Kisha laini ya simu ikakatika. Hukatika mara kwa mara, hasa mawingu yakianza kujikusanya. Mwalimu akahangaika na nyaya mpaka ikarudi, na iliporudi Achieng alikuwa ameshacheza, na mimi sikuona alichosogeza. Vipande vilikuwa vinanitazama vyote, vyeusi na vyeupe, vyenye vichwa vya mviringo. Kwenye kona ile ya kushoto kulikuwa na kitu kidogo chenye kichwa. Askari, nikajiambia. Askari ana kichwa cha mviringo.

Niliinama mbele nihakikishe. Kiti hakikusogea.

"Mama, kaa nyuma," Baba akasema, polepole. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya kubembeleza.

Nikakaa nyuma. Nikampeleka malkia wangu katikati.

Hakuwa askari. Alikuwa askofu, na askofu hupita mshazari kutoka kona mpaka kona. Malkia wangu aliondoka kwenye ubao mara moja. Baada ya hapo nilicheza tu, kwa sababu mtu hawezi kuinuka katikati, lakini nilijua na Achieng alijua. Mwishoni akaniandikia neno moja, *pole*. Hata hilo Mwalimu ndiye aliyelisoma kwa sauti.

"Muhonja," Mwalimu Wafula akaniambia. Hajawahi kunisemesha kwa sauti ya chini namna hiyo. "Huyo askofu, ulimwona ama hukumwona?"

Baba alikuwa pale pale, mikono bado iko kwenye kiti.

"Nilimwona, Mwalimu. Nilihesabu vibaya."

Mwalimu aliinamisha kichwa, akaanza kuzima kompyuta. Sasa ataamini kwamba mwanafunzi wake alimwona askofu mzima, akampelekea malkia. Kwa mchezaji wa chesi hilo ni tusi, na nimejitukana mwenyewe mbele ya mtu ambaye nilitaka anisifu kuliko wote.

Nilitaka Baba anigombeze njiani. Nilijiandaa kabisa nimjibu, nimwambie ni wewe, ni mwavuli wako, ni kiti chako. Lakini alikuwa anapiga mluzi! Alininunulia mahindi ya kuchoma, akachagua lile laini, akalipangusa jivu kwa kiganja kabla ya kunipa. Akasema Nairobi haihami, ipo tu, na mchezo ni mchezo. Tulipofika kwenye kona ya kwetu akasimama.

"Unajua, Mama, kitu ya maana ni macho imepona," akasema. "Yule mwingine hakupona. Nilijaribu, lakini nilikuwa mtoto. Sikujua nifanye nini."

Kisha akaendelea kutembea.

Mimi nilibaki na mahindi mdomoni, siwezi kumeza wala kutema. Nilikuwa na hasira ya kutosha kubomoa nyumba, na palepale ikakosa pa kwenda. Huwezi kumfokea mtu anayefurahi namna hiyo. Anaamini amemponya mama yake.

Nyumbani Mama aliona uso wangu akajua. Jogoo alikuwa ameshaiva, na jogoo aliyeiva hajali nani ameshinda. Akaleta obusuma, ugali wetu, akaleta bakuli la nyama, na firigisi akaiweka mbele ya Baba kama inavyotakiwa. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Msichana haigusi. Wanawake hupika, wakiionja kwa harufu tu. Kaka zangu waliokwisha kuoa bado hawaiombi wakiwa mezani kwa Baba.

Baba akaiinua kwa vidole. Akaiweka kwenye sahani yangu.

Mama alisimama na kijiko mkononi, mdomo wazi. Baba akasema leo ni siku ya kushukuru, na mama yake ana haki ya kula anachotaka katika nyumba ya mwanawe.

Nimeila. Ningefanya nini? Walikuwa wananitazama wote wawili. Ni ngumu, hutafunwa muda mrefu, na muda wote niliotafuna Baba alikuwa anatabasamu. Nimekula heshima ya baba yangu kwa sababu ya kalenda niliyoikariri nikipanguza vumbi.

Nimetoka kunawa nikakaa hapa dirishani, na hapa ndipo nimelia.

Silii kwa ajili ya Nairobi tu, ingawa nalia pia kwa ajili ya Nairobi, nisijifanye mtakatifu. Ningeona treni. Ningeipandia Kisumu, na huko labda ningemwona Achieng uso kwa uso, tungecheka. Nalia kwa sababu nimefunga mlango na ufunguo ninao mimi mwenyewe. Nikinyamaza, miwani sitaipata kamwe, maana nani hununulia miwani mtu aliyepona? Ubao utazidi kuwa ukungu, mitihani itakuja, na chesi itabaki ile ya kichwani. Nikisema, nitamwondolea Baba ule mluzi. Atamwona mama yake akipotea mara ya pili, na safari hii si mtoto, ana nguvu zake zote, na bado hajui afanye nini.

Daktari alisema miwani inatosha. Mimi namwamini daktari. Lakini Baba hataanza na daktari. Lazima kwanza aangukie pale anapopaogopa, na ni mimi nitakayemsukuma.

Kesho ni Jumapili. Mbele kanisani kuna kile kibao cha namba za nyimbo. Mwaka mzima sijakiona. Huwa nasubiri Mama afungue kitabu chake, nachungulia ukurasa, nafungua wangu kwa haraka kama aliyejua. Nimekuwa hodari sana wa kutojulikana.

Kesho sitachungulia. Nitakaa upande wa Baba. Sitamweleza habari za kalenda mbele ya watu, wala za askofu, hayo yatakuja baadaye nyumbani. Wimbo wa kwanza ukitajwa nitaacha kitabu changu kimefungwa mapajani, na nitamgusa goti.

Nimejaribu kulisema sasa hivi, polepole, mvua ikinifunika. Ni neno moja tu. Nimelirudia mpaka sauti ikaacha kutetemeka, kisha nikasikia hatua za Baba sebuleni, na mluzi wake, na ikaanza kutetemeka tena.

Nisomee.