Bomba la Shingoni mwa Mama

Temeke, 9 Machi 1975

Mdogo wangu Gregori,

"Bomba la chuma ni mambo ya kale, la plastiki hutumika wiki moja, likatupwa." Ndivyo ulivyoandika, hata salamu hujamaliza! Marahaba. Sie wazima. Mama naye hajambo: jana aliziba kwa kidole tundu la shingoni alilotobolewa hospitali apate sauti ya kumgombeza jirani yetu Tabu, aliyechukua jiko bila kuomba.

Sasa nikujibu. Mwaka wa tatu huu Mama anapumulia bomba la chuma. Nalisugua, nalichemsha, linarudi shingoni. Hayo sita ya plastiki uliyotuma yakiisha, apumulie sifa zako? Zahanati kwetu tunachemsha sindano, tunachemsha glavu. Hayo nayo nitayachemsha.

Lakini Mama amelipenda hilo la plastiki. Ati jepesi, halimchomi. Amenipinga mbele ya wageni!

Dada yako,
Filomena

Leipzig, 2 Aprili 1975

Dada Filomena,

Shikamoo. Mie mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Chuma kikisuguliwa na mkono wako hakina kosa. Lakini hapa wodini tunakosomea udaktari nimeona bomba lililooshwa na mvivu likampa mgonjwa homa ya mapafu. Ndiyo maana nikasifu la kutupa. Dada, nakusihi, plastiki usiichemshe! Hulegea, ikanywea. Maelezo yamo kwenye boksi.

Mbusu Mama.

Mdogo wako,
Gregori

Temeke, 11 Mei 1975

Gregori mdogo wangu,

Mama mzima. Nimeanza na hilo ili usiogope.

Barua yako imefika juzi, nimeshakosea. Sita yaliisha wiki tatu zilizopita. Nikachemsha moja lililokwisha kutumika, likapoa, nikaliona zima, nikamvalisha. Alikuwa anachambua mchele, mara akaanza kujipiga paja, macho yamemtoka. Nikalichomoa: limenywea kama bua lililokanyagwa. Nikarudisha la chuma. Pumzi ikarudi. Akaweka kidole, na neno lake la kwanza: "Filomena, umezidi ubishi."

Nimekosa, mie niliyefanya uuguzi miaka ishirini. Mazoea yalinipofusha. Tuma mengine, Mama anayataka, nami nitayatupa kwa mkono wangu.

Ila maelezo ya boksi ni ya Kijerumani! Wasomee barua hii Watanzania wote wanaosomea udaktari bwenini kwenu. Nyie wasomi, kabla hamjatuma kifaa kingine nyumbani, andikeni juu ya boksi, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, hakivumilii nini. Gregori, anza wewe.

Dada yako,
Filomena