Wembe wa Ami Sheikhan

Yakhe, niko kwa Ami Sheikhan kinyozi, nimekaa kwenye benchi, na siwezi kutoka.

Bassam yuko kitini, shuka shingoni. Ndevu zimetengenezwa upande mmoja tu, na nikaha yake ni leo alasiri.

Mzee alimpapasa kisogo, akasita. "Nani amekishika kichwa hiki?" Kichwa alichokinyoa yeye siku ya akika, Bassam akiwa bado mchanga.

Bassam akajibu, "Nilijinyoa mwenyewe, Ami."

Kisogo, yakhe. Mwenyewe.

Mzee hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema, "Kinyozi mzuri hujulikana kwa kisogo, maana hapo mwenye kichwa hapaoni. Aliyekunyoa alikuwa na haraka. Lakini kama ni wewe, basi malizia."

Akampa wembe. Wallahi amempa wembe, kisha akaja kuketi kando yangu.

Bassam ameushika mbele ya kioo.

Nami nimeivuta kofia hadi shingoni. Kwa kinyozi mwingine, wa Makadara, tulikwenda sote wawili juzi.

Mzee ameniwekea mkono begani sasa hivi. "Salem, wewe ndiye unayefuata. Vua kofia."