Mstari wa Tatu Ndani ya Saa Yako

Mudogo wangu,

Saa yako imerudi. Wewe hujarudi, na tangu siku hiyo sina raha ndani ya nyumba hii.

Unakumbuka Jumapili zetu? Tukitoka misa tunapita soko la Kadutu kununua saa zilizokufa, zile za zamani za kutia ufunguo, ambazo wauzaji walizitupa kwenye karai pamoja na misumari. Wewe mwalimu mzima, mimi na viatu vyangu vya ofisi, tumeinamia karai kama kuku! Nyumbani maman anatufukuza mezani kwa harufu ya esansi, ile petroli ya kusafishia saa. Sheria ilikuwa yako: anayetengeneza saa achore alama ndani ya kifuniko cha nyuma, kila mara anapoitengeneza. Mimi msalaba mdogo. Wewe mstari uliolalia kushoto, kwa sababu ya huo mkono wako wa kushoto.

Vita ilipoanza, saa zikajaa sokoni. Nikaogopa kuzigusa, nikakuambia zimetolewa kwenye mikono ya watu. Ukanyanyua saa moja, ukanijibu mimi mkubwa wako, "Yaya, montre haina makosa." Sikununua tena.

Siku mji ulipoingiliwa na wapiganaji, ulikimbia na walimu wenzako kwa njia ya msituni, ya Shabunda. Saa yako ulikuwa umetoka kuisafisha, na kifuniko nilikifunga mimi mwenyewe. Ndani mlikuwa na mistari yako miwili. Hilo naapa mbele ya altare.

Miaka ikapita kimya. Tukafanya matanga bila maiti, maman akavaa nyeusi.

Juzi nikaikuta saa yako sokoni, kwa mama mmoja muuzaji aliyetoka Shabunda. Niliitambua kwa ule mkwaruzo wa kioo. Hakumjua aliyekuwa nayo. Huko watu wanabadilisha vitu kwa chumvi, alisema. Nikainunua, nikaifungua. Udongo mwekundu ulikuwa umekauka ndani. Nikapangusa kifuniko, nikaona mistari mitatu. Wa tatu nao umelalia kushoto.

Ee Mungu wangu! Kumbe uliifungua tena. Huko msituni ulipata mahali pa kukaa, ukatulia, ukatengeneza saa. Halafu? Uliiuza mwenyewe, au waliivua mkononi mwako? Najiuliza hata nikimenya viazi. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Waongo. Lako lilikaa hapa mezani, likagonga, na kila mara niligeuka nikidhani umeingia.

Nilimwonyesha maman. Hakuishika.

"Usiniletee montre," akasema. "Uniletee mutoto."

Nilitaka kuivaa mpaka kufa kwangu, sikufichi. Lakini ikikaa mkononi mwangu, haitakufikia kamwe. Kwa hiyo nimechora msalaba wangu kando ya mstari wako wa tatu, nikamrudishia yule mama akaiuze hukohuko alikoitoa. Alinitazama kama mwenda wazimu.

Nimeisafisha vizuri, inatembea. Ila mafuta sikuitia hata tone, mnunuzi anisamehe. Wewe ndiye uliyenifundisha: saa kavu inatembea miezi, kisha inasimama. Hii nayo itasimama, na atakayekuwa ameivaa itabidi amtafute mtu anayejua kufungua saa, na huyo ataukuta msalaba wangu.

Uwe wewe, mudogo wangu. Tafadhali, uwe wewe.

Ni mimi ninayekusubiri,
Yaya wako