Kisigino cha Kukimbia Vita

Juma tatu, 5 mwezi wa tatu

Nimekimbia tena. Toka nyumbani mpaka daraja la muto Lukuga na kurudi, muzigo wa vita juu ya kichwa. Unga, chumvi, sufuria mbili, blanketi mbili. Kila nyumba hapa Kalemie iko na muzigo kama huo nyuma ya mulango, tayari kwa kukimbia, lakini ni mimi peke yangu njo naujaribu. Vijana wanacheka. Wacheke. Mimi nilifanya kazi ya reli, nilikuwa naruka juu ya wagoni inatembea. Siku risasi zitalia wataniona mugongo tu.

Kisigino cha kuume kinauma kidogo. Si kitu.

Alhamisi, 8 mwezi wa tatu

Asubuhi nikikanyaga chini, ni kama musumari. Nikitembea kidogo, kinapoa. Basi nimepona. Nikakimbia.

Kurudi nikachechemea mbele ya watu wa soko. Nikajifanya naangalia kiatu.

Juma mosi, 10 mwezi wa tatu

Muke wangu, Mama Zaina, amenipokonya muzigo. "Papa Zaina, vita haijafika, wewe tayari umeanguka!" Kwa sauti kubwa. Majirani wakasikia. Nikakasirika, nikauchukua tena, nikakimbia kwa nguvu kuliko siku zote.

Safari hii musumari haukupoa.

Juma tano, 14 mwezi wa tatu

Siwezi kukanyaga. Naenda choo kwa magoti. Mimi!

Ijumaa, 16 mwezi wa tatu

Risasi, upande wa uwanja wa ndege. Watu wote wakabeba mizigo, mutaa ukabaki mutupu. Nikamwambia Mama Zaina aende. Akauweka muzigo kichwani, akafika mulangoni. Akarudi. Akaufungua, akatoa sufuria, akaweka maharagi kwa moto.

"Nani atakuchotea maji?"

Tukakaa tunasikiliza. Mimi nilihesabu risasi. Yeye alikoroga maharagi.

Magaribi kukatulia, watu wakarudi. Inasemekana ni askari walikuwa wanagombana wao kwa wao.

Niliogopa sana. Si kwa sababu yangu. Kisigino hiki kikinifunga hapa, naye anakaa hapa.

Juma pili, 18 mwezi wa tatu

Nimekubali aitwe Mama Sifa. Ni Mubembe, alikimbia vita ya kule kaskazini kwa mutumbwi, anakanda watu mutaani kwetu. Akabonyeza kisigino, nikapiga kelele kama mutoto. Anasema mushipa wa unyayo umevutwa sana, na kila asubuhi mimi nauvuta tena.

"Muzee, ukikimbia na haujapona, nitaukata huu muguu na kisu ya samaki."

Masharti: nisikimbie. Nikiamuka, mbele ya kushuka kitandani, nivute vidole vya muguu na kitambaa. Kisha niviringishe unyayo juu ya muchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo. Hapo Mama Zaina akakataa kabisa. Muchi wake! Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho akakubali, lakini niuoshe mwenyewe, na sabuni.

Alhamisi, 29 mwezi wa tatu

Navuta. Naviringisha. Hakuna muzee wa Kalemie anaviringisha muchi kama mimi. Vijana wakipita wanauliza kama sombe imeiva. Nikawatupia kiatu. Nikakosa.

Sombe yetu siku hizi inanuka sabuni. Nakula, namaliza.

Maumivu yamepungua. Kweli yamepungua.

Juma mosi, 7 mwezi wa ine

Nimefika choo na kurudi bila fimbo.

Nimeona muzigo nyuma ya mulango umekuwa mudogo. Mama Zaina ametoa sufuria moja na blanketi moja. Anafikiri sijaona. Ananipunguzia. Zamani ningegomba.

Juma nne, 17 mwezi wa ine

Nimeshuka kitandani, nikangojea musumari. Haukuja. Nikakanyaga mara ya pili. Haukuja.

Ziwa limetulia, hakuna risasi. Nikabeba muzigo, nikamwambia Mama Zaina tuende wote mpaka daraja. Zamani nilijifunza kukimbia peke yangu, sikuuliza hata siku moja yeye anatembea namna gani. Anatembea polepole. Kwa mupando wa kilima anasimama, anashika kiuno.

Ningeweza kumupita. Nguvu niko nazo.

Nikasimama naye. Tukapumua. Tukaendelea.