Alama Saba kwa Mchoro wa Mke Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla ya msaada naomba radhi, kwa kuwa mara ya mwisho nilikuandikia miaka miwili iliyopita kuhusu jirani na ukuta wake, ukanijibu vizuri, nami sikurudi hata kukushukuru, jambo ambalo kwa mtu aliyefundisha uandishi wa barua miaka thelathini na minne ni aibu.

Tangu nistaafu ninaandika kamusi ndogo ya Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi, kila neno kwenye kadi yake, na kanuni yangu ni moja: mfano wa matumizi lazima uwe jambo nililoliona kwa macho yangu. Kazi ilikwenda vizuri hadi nilipofika kwenye neno "hobby". Maana haikunisumbua: shughuli ambayo mtu huifanya mara kwa mara, katika muda wake mwenyewe, kwa kuipenda tu, bila malipo wala wajibu, kwa hiyo kulala si hobi, na anayeshonea wateja nguo jioni ana kazi ya pili, hana hobi. Mfano ndio ulionishinda. Wanafunzi wangu karibu wote waliniandikia kwamba hobi yao ni kuogelea, nami nikawawekea vema kwa sababu sentensi ilikuwa sahihi, ingawa sikuwahi kumwona hata mmoja akiogelea. Mimi mwenyewe sina. Nilimwuliza mke wangu, mkunga mstaafu, "Mama, wewe una hobi?" Akanijibu, "Mwalimu, mimi nina nguo za kukunja."

Wiki hiyohiyo nilikuwa natafuta kadi moja niliyoitupa kimakosa, nikafungua kabati la mashuka, nikakuta kopo la biskuti, na ndani yake kadi zangu mbovu zaidi ya mia, kila moja ikiwa na mchoro wa penseli mgongoni: viatu vya wajukuu mlangoni, kifuniko cha sufuria, mikono ya mzazi imeshika shuka, na mimi mwenyewe, nimeinama mezani, nimeonekana kwa nyuma, mara kumi na moja. Nilikaa kitandani nikazitazama moja baada ya nyingine, nikajiuliza ameanza lini na mimi nilikuwa wapi, kisha, mshauri, sijui nilishikwa na nini, nikatoa kalamu nyekundu mfukoni na juu ya mchoro uliokuwa mzuri kuliko yote nikaandika, "Mguu wa kiti ni mrefu mno. 7/10. Jitahidi."

Aliuona. Hakugomba. Alisema tu, "Ahsante kwa kusahihisha," akaendelea kumenya viazi. Sasa ni wiki ya tatu, kopo halipo kabatini na kadi ninazotupa zinabaki kwenye kikapu. Binti yetu alicheka kwenye simu, halafu akasema, "Baba, umempa mama alama? Anachora tangu niko chekechea. Unadhani alikuwa anakuficha kwa nini?"

Mchapishaji anataka kadi hiyo mwisho wa mwezi. Je, niandike kwamba hobi ya mke wangu ni kuchora, maana nimeiona kwa macho yangu? Na nifanye nini ashike penseli tena? Naapa, kwangu saba ni alama kubwa.

Mwalimu Mstaafu

*

Mwalimu wangu,

Umeuliza maswali mawili ukatanguliza lisilo na haraka. Kamusi haitakufa kwa kukosa kadi moja. Ninakuonea huruma, kwa sababu ulifurahi kweli na hukujua njia nyingine ya kuonyesha furaha ila kusahihisha. Lakini wewe mwenyewe umeandika kwamba hobi haina malipo wala wajibu. Sasa mtihani umetoka wapi?

Mwombe radhi kwanza kwa kufungua kopo, kisha kwa ile alama. Usimweleze kwamba saba ni kubwa. Usimnunulie rangi wala daftari la kuchorea, atadhani umempa kazi ya nyumbani. Kalamu nyekundu ibaki mezani, isitembee nyumbani mfukoni mwako. Sentensi ni yake kabla haijawa yako, kwa hiyo omba ruhusa, na akikataa, imekataliwa. Halafu muulize kitu kimoja ambacho hukijui: kwa nini mgongo wako? Ukishauliza, nyamaza, hata jibu likichukua siku nzima.

*

Mpendwa mshauri,

Safari hii sikukawia. Nimeomba radhi kwa mpangilio ulioniagiza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimemaliza, nikasema nimemaliza.

Kuhusu mgongo alikaa kimya tangu chai ya asubuhi hadi mchana, kisha akasema, "Watoto hawatulii, wajukuu hawatulii. Wewe ukiandika hutikisiki. Na ukiwa umenipa mgongo huwezi kuniuliza nafanya nini." Nilitaka kujibu, nikajizuia.

Kuhusu sentensi, amesema atafikiri na nisimharakishe. Nimempigia mchapishaji, nikamwambia asubiri. Mama akishaamua, nitakuandikia.