Pasi Tatu kwenye Waya wa Taa

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Pokea salamu za kaka yako, na zitakazobaki uwagawie wenzako wa bwenini, maana nimezituma nyingi. Mwili wangu hauna neno, ila moyo umechafuka. Naandika huku pua imejaa harufu ya plastiki iliyoungua, nikikohoa naionja. Na wewe je, kile kifua kimekuachia? Chakula cha chuo unakila au unakitazama tu?

Barua yako imefika. Umeniuliza hesabu za umeme, na hapo umebisha hodi kwa mwenye nyumba. Shule niliiacha darasa la saba, sawa, lakini nimefunga umeme katika bandari mbili, hoteli yenye lifti na meli moja iliyokuwa ikizama. Hapa mtaani naitwa Fundi Mia Mbili Thelathini, kwa heshima ya volti. Basi sikiliza. Volti ni msukumo, ampea ni mkondo unaopita. Ukitaka ukinzani, gawa volti kwa ampea. Ukitaka nguvu, zidisha. Pasi za hapa kwa dobi, kila moja inavuta ampea tano kwenye volti mia mbili thelathini: ukinzani omu arobaini na sita, nguvu wati elfu moja mia moja hamsini. Hiyo nimeipiga kichwani huku nanyoa ndevu, na sikujikata.

Sasa huyo dobi ndiye aliyenichafua moyo. Dobi kwa jina tu, maana yeye ni tajiri, mwenye mahali pale, hata leso yake hafui. Ana chumba kirefu, mashine upande huu, meza tatu za pasi upande ule. Wiki mbili zilizopita, saa nne asubuhi, moto ulitoka ukutani nyuma ya meza ukala pazia na mashati ya wateja. Aliyeuzima ni mama mmoja mtu mzima, tunamwita Bibi Kola kwa jinsi anavyozinyoosha kola zikasimama kama askari. Aliutupia shuka bichi, akaungua mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko.

Tajiri alikuja anachokonoa meno kwa kijiti. Mkono wa mama wa watu hakuutazama. Alisema Bibi Kola alisinzia na pasi juu ya shati, kwamba wazee wote ni hivyo, wakikaa kidogo tu wanakoroma. Akamfukuza mbele ya wenzake. Halafu akakitema kile kijiti miguuni pa mama na kumwambia akiokote akitoka, kwani kufagia ndiyo kazi yake ya mwisho. Mdogo wangu, nimewahi kuzibua choo cha abiria mia tatu kwa mikono hii, nikatoka nikala. Siku ile chakula hakikupita. Bibi Kola alikiokota kwa mkono wa kushoto.

Jioni ikaandikwa karatasi kwamba umeme ni mzima na kosa ni la mpiga pasi. Wateja walioneshwa, wakaridhika, kwa sababu chini yake palikuwa na sahihi ya fundi.

Ndipo ikaja barua yako. Ukurasa wa pili ulisema mwalimu wenu amewafundisha kuwa vitu vikifungwa ubavu kwa ubavu kwenye waya mmoja, ukinzani haujumlishwi. Kinachojumlishwa ni mikondo. Ukaniuliza kama ni kweli. Nilicheka peke yangu, nikasema walimu wa siku hizi. Kisha kicheko kikanikauka. Nikachukua mita nikarudi kule, nikafunga pasi tatu kwenye waya mnene wa mashine, nikapima. Ampea kumi na tano. Wati elfu tatu mia nne hamsini, na zote zilikuwa zikipita kwenye waya mwembamba wa taa, usioweza mzigo huo.

Waya ule niliuweka mimi. Nilichukua arobaini na sita mara tatu, nikapata omu mia moja thelathini na nane, nikagawa, nikaona ampea hazifiki hata mbili. Nikajisifu kwamba kadiri pasi zinavyoongezeka ndivyo umeme unavyopungua. Fyuzi ilikatika mara mbili kunikanya. Mara ya tatu niliitoa, nikaweka kipande cha shaba kisichokatika, kikanyamaza. Na sahihi ile ni yangu. Tajiri ana kijiti. Mimi nina kalamu. Ukiniuliza nani ananitia kinyaa zaidi, leo nimenyoa bila kioo.

Nimekwenda kwa Bibi Kola nikamweleza yote. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alisema wiki ya kwanza tu ya waya ule aliona ukuta una joto akaniambia, na mimi nikamjibu kwamba umeme si wanga wa kunyooshea kola. Nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau.

Jana nimeandika karatasi nyingine, nikaisoma mbele ya wateja, sahihi ile ile. Tajiri amekubali mama arudi kazini, mradi nifunge waya mpya bure kisha nisionekane tena pale. Nimekubali. Aliyekataa ni Bibi Kola. Kasema hashiki pasi mpaka hesabu zangu zikaguliwe na mtu mwingine mwenye akili timamu. Nikamwambia ninaye, yuko chuoni.

Kwa hiyo nyuma ya ukurasa huu nimeweka hesabu yote: mikondo, unene wa waya, fyuzi. Ipitie kwa kalamu nyekundu, usinionee haya. Waya nimeshanunua, lakini sikati hata shubiri kabla hujanijibu.

Wasalimie walimu wako, hasa yule wa umeme. Mwambie kakako alimcheka, na anaomba radhi.

Ni mimi kaka yako,
Fundi (mpaka utakapojibu)